Kuku wa Makabidhiano

Litembo,
8 Novemba 1998

Mwanangu Aurelia,

Marahaba, maana najua ukiifungua tu barua hii utaniamkia hata kama sikusikii. Hapa kwetu wote tuko wazima. Baba yako Bernadi mgongo umemwachia kidogo, na mbuzi wake nao wazima kupita kiasi, jana wamenilia miche mitatu ya kahawa nikiwaangalia. Mama yako anakusalimu. Amesema niandike mimi kwa kuwa mwandiko wake unamtia aibu. Lidia wangu yuko kidato cha sita na anasoma mpaka mafuta ya taa yananiishia, kisha ananiambia na yeye anakuja huko uliko wewe. Kahawa tumeshavuna. Mwaka huu kampuni za watu binafsi zimekuja na magari yao mpaka chini ya kanisa, kila moja na mzani wake, kila moja inasema mzani wa mwenzake ni mwongo, na chama chetu cha msingi kimelala fofofo. Mimi nimemuuzia yule kijana aliyeniita mama kwa adabu kuliko wote, na nadhani ndiye aliyeniibia zaidi.

Sasa neno lililonikalisha kuandika. Kila Jumapili tukitoka misa, mama yake Mwalimu Cuthbert ananisimamisha kwenye ngazi za kanisa mbele ya watu na kuniuliza mbona mwanenu haendi kumwamkia mwanangu. Unajua vizuri tulivyofanya mwaka jana. Baba yako mkubwa Mansuetus alikushika mkono, tukaenda nyumbani kwa mama yule na kuku mnono, tukakukabidhi kwa Cuthbert aliyekuwa likizo, kwamba huko chuoni anakofundisha yeye ndiye atakuwa baba yako na ndiye atakuwa mjomba wako. Aliyepokea kuku amepokea na mtoto. Ukoo mzima ulilala usingizi mzuri kwa sababu ya kuku yule. Mwaka wa kwanza mlikuwa mnakwenda kwake kwa kundi, wewe na wenzako wa Mbinga, na kila mtu alifurahi. Mwaka huu anasema amekuita mara nyingi na hutokei.

Nimempa Twaha, yule mwenye lori wa Mbamba Bay, furushi la usipa mkavu, visamaki vyetu vya ziwani. Mpelekee Mwalimu Cuthbert wewe mwenyewe, kwa mikono yako miwili. Uketi, unywe chai, uulize hali ya mke wake. Usinitie aibu.

Mimi shangazi yako niliyechoka kusimamishwa kwenye ngazi,
Kunigunda


Bweni la Wasichana, Chuoni,
6 Desemba 1998

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa baba, mama na Baba Mkubwa Mansuetus. Mwambie Lidia asisome kwa kukesha, asome mapema, vitabu havikimbii. Pole kwa miche. Mbuzi wa baba nawajua, hata Ijumaa Kuu hawafungi.

Furushi lilifika salama. Nilikwenda kwa Mwalimu Cuthbert kama ulivyosema. Mke wake hakuwepo, yuko Songea kwa dada yake anayeumwa. Mwalimu mwenyewe ni mzima.

Usipa tumeukaanga hapa bwenini na nyanya. Wenzangu wa Kagera na Tanga walianza kwa kucheka udogo wake, wakamaliza kwa kulamba sufuria.

Acha nikusimulie jambo jipya. Kuna mhadhiri wetu, Daktari Hafidha, ni dada yake huyo huyo Twaha wa lori, binti wa Mzee Thabiti muuza vitenge wa Mbamba Bay. Ameanzisha somo la wasichana kila Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa chakula. Halina mtihani wala cheti. Ni somo la kujilinda tusibakwe. Samahani kuliandika neno hilo kwenye barua ya kwako, lakini Daktari anasema jambo lisilotajwa halizuiliki. Anasema wengi tumelelewa kumwogopa mtu mgeni aliyejificha kichakani. Mtu wa kichakani yupo, ila mara nyingi anayemuumiza msichana ni mtu anayemjua, aliyemnunulia soda, anayemwita dada au mwanangu. Basi tunafundishwa kuziona dalili mapema: mtu anayetaka uje peke yako, anayekasirika ukimkatalia kitu kidogo, anayeona woga wako na kuupenda. Tunajifunza kuchomoa mkono ulioshikwa, unauzungusha kuelekea upande wa kidole gumba. Tunajifunza kupiga kiwiko. Na tunajifunza kupiga kelele.

Kelele zilinishinda, shangazi. Siku ya kwanza wenzangu walisema nimetamka "Sitaki" kama mtu aliyekwenda kuomba chumvi kwa jirani. Sasa nimeendelea vizuri.

Kamati ya ustawi wa wanafunzi itakaa mwezi wa nne kuamua kama somo liwe la wasichana wote wapya katika wiki yao ya kwanza, au lifungwe kabisa. Wapo wasiolipenda.

Ninakuomba kitu kimoja. Usinitumie tena kitu cha kumpelekea mtu. Nitumie mimi tu.

Mwanao,
Aurelia


Litembo,
17 Januari 1999

Aurelia,

Marahaba. Mvua imekata barabara ya kwenda Mbinga mjini na barua yako imenifikia imelowa, lakini nimeisoma yote. Mama yako ana kikohozi, amekwenda hospitali, wamempa dawa. Mahindi yamefika magotini.

Nimekasirika, na sitaki kukuficha. Mwalimu Cuthbert alikuja Krismasi. Alikuja na suti, akampa kila mzee salamu yake, na kwenye sengu, mlo wa pamoja wa ukoo wetu, alialikwa kula nasi kama mtu wa nyumbani. Chakula kikiwa bado katikati akaanza kusema mambo yako. Akasema umejiunga na kikundi cha wanawake wanaofundishana ukali na matusi, kwamba Daktari wenu ameachika na anataka wasichana wote waachike kabla hawajaolewa. Akasema yeye yumo kwenye hiyo kamati na atahakikisha somo linafungwa, kwa kuwa wazazi wa kusini wamemkabidhi watoto wao na anajua wazazi wanataka nini. Wazee walitikisa vichwa. Baba yako mkubwa Mansuetus, aliyekushika mkono siku ile, hakula tena. Aliinuka akaenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshafungwa.

Nilitaka ardhi inimeze. Mimi nilisoma kwa masista mpaka darasa la nane, nikabandikwa jina la msomi wa ukoo, na ni mimi niliyewashawishi wakuache usome badala ya kuolewa. Aibu yako naivaa mimi kwanza. Kwa hiyo utakwenda kwake, utapiga goti, utaomba radhi.

Niliishia hapo jana, nikaweka kalamu chini. Leo nimerudi.

Cuthbert alisema neno jingine, ambalo usiku ule lilinipita kwa sababu ya hasira. Alicheka akasema Aurelia hata adabu ya mgeni hana, alikuja kwangu na furushi la samaki, akaondoka bila kumaliza chai na furushi lake mkononi. Watu wakacheka naye. Sasa mimi namjua mtoto wangu. Wewe ulikuwa unanirudia njiani kuniuliza kama umesahau kumwamkia bibi kipofu wa pale mtoni. Wewe ndiye wa kupeleka zawadi kisha ukarudi nayo?

Tena mwenyewe umeandika kwamba mke wake yuko Songea. Chai ile nani aliipika?

Yeye sikumwuliza. Nakuuliza wewe.

Kunigunda


Bweni la Wasichana, Chuoni,
14 Februari 1999

Shangazi,

Shikamoo. Mpe mama pole ya kikohozi.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nikiandika habari za hali ya hewa zinatoka vizuri, nikifika hapa kalamu inakauka. Lakini umeniuliza, na hakuna mwingine aliyeniuliza.

Alikuwa ameniita mara tatu tangu chuo kifunguliwe, na kila mara alisema nije bila wenzangu. Ndiyo maana nilikuwa siendi. Barua yako ilipokuja nilijiambia labda somo la Daktari limenifanya niwaone watu wote wabaya. Nikabeba usipa nikaenda, saa tisa mchana, jua linawaka, watu wanapita barabarani. Alinikaribisha, akaweka chai. Kabla hajakaa nikasikia ufunguo unazunguka, na nikamwona anautia mfukoni. Akasema upepo unafungua mlango. Hapakuwa na upepo.

Akaja kukaa karibu yangu. Akanishika kifundo cha mkono, akaanza kusema mambo ya nyumbani, ya baba mkubwa, ya kuku. Alisema, "Wewe ni wangu kwa mila, Aurelia. Wazee wako ndio walionipa."

Shangazi, nitakuambia kilichonishangaza. Sikuwa nafikiria hatari. Nilikuwa nafikiria namna ya kuaga. Nilikuwa natafuta neno la adabu ambalo mtu mdogo anaweza kumwambia mtu mkubwa ili amfungulie mlango bila kumuudhi. Na hapo hapo nikamkumbuka Daktari Hafidha alivyotuambia, kwamba mtakuwa mnatafuta namna ya heshima ya kuondoka, haipo, na muda mnaoutumia kuitafuta ni wake yeye. Nikazungusha mkono kuelekea kidole gumba, ukachomoka. Nikasimama. Nikampigia kelele, "Cuthbert, fungua mlango," jina tupu, bila mwalimu wala mjomba, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Nikarudia. Majirani wakatoka nje, mama mmoja akaja mpaka dirishani na mwiko mkononi akauliza kuna nini. Cuthbert akafungua mlango huku anacheka, akimwambia yule mama kwamba wasichana wa siku hizi hawana utani. Niliokota furushi langu nikatoka. Kwa nini niliokota furushi sijui. Nadhani nilikataa ale kitu kilichotoka kwenu.

Hakunifanyia zaidi ya hayo. Nataka ulijue hilo ulale. Nilitetemeka wiki nzima, lakini nilitetemeka nikiwa kitandani kwangu, mzima.

Sikukuandikia kwa sababu ya kuku. Nilifikiri kusema ni kumrushia Baba Mkubwa kuku wake usoni. Na sikutaka ujue kwamba nilikwenda kwa sababu ya barua yako.

Sasa anakaa kwenye kamati na kusema anawasemea wazazi wetu. Daktari ana hoja nzuri na ameshaziandaa, lakini kwenye kamati ile hakuna mzazi hata mmoja wa kumkanusha. Sikuombi chochote. Uliuliza, nimekujibu.

Aurelia


Litembo,
21 Machi 1999

Mwanangu, mwanangu,

Mama yako amepona. Watu wote hapa ni wazima. Nimeyasema hayo kwanza ili usisome kwa wasiwasi.

Barua yako niliisomea shambani. Tulikuwa tunachimba ngoro, mashimo yetu ya mlimani, na wanawake wenzangu ili tupande maharage, na niliposoma mpaka mwisho nikachukua jembe nikachimba mashimo ambayo hata hayakuwa yangu. Mimi ndiye niliyekutuma. Nitalibeba hilo, lakini nitalibeba nikiwa natembea, siyo nimekaa.

Jumapili iliyopita ilikuwa sengu. Unajua ilivyo, kila nyumba inaleta chakula, wanaume wanakizunguka, sisi tunarudi jikoni, na shauri halianzi mpaka chakula kimewekwa. Nilifika na chungu changu cha maharage, kikubwa kuliko vyote, nikasimama nacho. Wakaniambia weka, Kunigunda. Nikasema siweki. Wakadhani natania. Wendelin, yule mpenda kula, akanyoosha mikono apokee, nikamwambia akikigusa namwagia miguuni. Mikono ilikuwa inaniungua, lakini nilijua nikikiweka chini watakula, wakila watashiba, wakishiba wataniambia tutaongea siku nyingine. Kwa hiyo nilisema yote nikiwa nimesimama na chungu. Nilisema chai, ufunguo, mfuko, na maneno yale kwamba wewe ni wake kwa mila.

Mzee mmoja akasema labda kijana alitania. Baba yako akainuka, sijawahi kumwona Bernadi vile, ilibidi wamkalishe. Baba yako mkubwa Mansuetus akauliza swali moja tu.

"Mlango aliufunga yeye?"

"Aliufunga yeye na ufunguo akautia mfukoni."

"Basi hatukumkabidhi mke. Tulimkabidhi mtoto. Tutamchukua."

Ndipo nikaweka chungu chini. Lakini hakuna aliyekula, tuliinuka wote tukaenda kwa mama yake Cuthbert. Nilimhurumia mama yule, amelea peke yake. Mansuetus alimwambia kwa upole, neno kwa neno, bila kumtukana mwanawe. Alisikiliza akiangalia chini. Nilifikiri atatufukuza, au atalia. Aliinuka akaenda bandani, akakamata kuku, akamfunga miguu kwa mikono yake mwenyewe, akampa Mansuetus. Akasema, "Nilipokea mbele yenu, narudisha mbele yenu." Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Kuku si yule, yule alishaliwa siku nyingi, lakini kuku ni kuku.

Kilichorudishwa na mama lazima na mwana aambiwe kwa mdomo, vinginevyo kazi ni nusu. Mansuetus amesema ataenda mwenyewe. Hajawahi kuvuka Songea maishani mwake. Twaha amekubali kumbeba kwenye lori, na amekataa nauli aliposikia ni kwa ajili ya somo la dada yake. Niambie siku ya kamati kwa simu ya upepo ya parokia, padri atanipa ujumbe.

Mimi nabaki, maharage hayajipandi. Nikimwona Cuthbert kabla ya wazee wangu nitaharibu utaratibu.

Shangazi yako mwenye viganja vyenye malengelenge,
Kunigunda


Bweni la Wasichana, Chuoni,
25 Aprili 1999

Shangazi, shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Baba Mkubwa yuko hapa, mzima, amelala mchana huu kwenye nyumba ya Daktari Hafidha baada ya kula wali. Ataondoka kesho na Twaha. Anasema bahari ni kubwa lakini maji yake ni mabaya, ziwa la kwetu mtu anaweza kunywa. Naandika haraka ili barua ije naye.

Kamati ilikaa Ijumaa asubuhi. Mwenyekiti ni mama mmoja tunayemwita Mama Mshauri, ndiye mshauri wa wanafunzi wote, mtu mkavu asiyecheka. Daktari alipewa nafasi ya kuleta wanafunzi wawili, nikawa mmoja wao. Alieleza somo vizuri. Kisha Cuthbert akasimama. Alikuwa mtulivu, ameshika miwani. Alisema somo linawafanya wasichana wawashuku walezi wao, na kwamba wazazi wa Ruvuma, watu wa dini na mila, wamewakabidhi mabinti kwake na wangeshtuka kusikia wanafundishwa kupiga watu viwiko. Niliona vichwa vinaanza kukubali.

Mlango ukagongwa. Karani akasema kuna mzee ana kuku na hataki kumwacha nje. Mama Mshauri akauliza ni nani. Baba Mkubwa akajibu mwenyewe kutoka mlangoni, "Mimi ni mzazi wa Ruvuma." Mama Mshauri akamtazama, akamtazama Cuthbert, akasema, "Karibu, mzee, tulikuwa tunakutaja."

Alivaa lile koti lake la sikukuu. Aliwaamkia wote, akamweka kuku juu ya meza ndefu, katikati ya makaratasi. Kuku akatulia kama amealikwa. Baba Mkubwa hakupandisha sauti.

"Cuthbert, nilikukabidhi mtoto mbele ya mama yako. Uliufunga mlango. Mama yako amenirudishia kuku huyu, amemfunga kwa mkono wake. Nimekuja kumchukua mtoto wetu."

Cuthbert alijaribu kucheka. "Mzee wangu, mambo ya nyumbani tutayaongelea nyumbani."

"Nyumbani tumeshayaongea. Mama yako alikuwepo."

Shangazi, nilimwona mtu anavyoisha. Alikaa bila kuvuta kiti vizuri. Mama Mshauri akageuka kwangu akaniuliza kama nina la kusema, na kwamba silazimishwi. Nikasimama. Nilisema yote mbele yake, kuanzia alivyoniita peke yangu mpaka yule mama wa mwiko dirishani, ambaye Daktari alishampata na yuko tayari kutoa ushahidi. Sauti haikutetemeka. Nilipokaa, yule mwanafunzi mwenzangu niliyeletwa naye, msichana wa Njombe ambaye kila Jumamosi tunakaa naye benchi moja, akasimama bila kuulizwa akasema, "Na mimi." Mwaka wake wa kwanza, nyumba ile ile. Yeye hakuwa amefundishwa na mtu yeyote kitu chochote. Nilimshika mkono, na Daktari akaja akamshika wa pili.

Cuthbert ameondolewa kwenye kamati siku hiyo hiyo na amesimamishwa kufundisha. Mama Mshauri mwenyewe alitusindikiza sisi wawili mpaka kituo cha polisi. Ipo sheria mpya ya mwaka jana ya makosa haya, na Daktari anaijua kifungu kwa kifungu. Tangu juzi mwingine wa tatu amejitokeza.

Na somo limepita. Kuanzia mwaka mpya wa masomo kila msichana anayeingia chuo hiki atalisoma wiki ya kwanza, na wavulana nao watakuwa na lao. Hilo la wavulana alilidai Mama Mshauri, hatukulitegemea. Tulipotoka nje na matokeo, wasichana waliokuwa wanasubiri kwenye majani walipiga vigelegele mpaka mihadhara ikasimama. Mimi nililia kwa furaha kwa mara ya kwanza maishani, nilidhani ni jambo la watu kusema tu.

Jana Jumamosi Baba Mkubwa aliomba kuona somo lenyewe. Alikaa karibu na mlango, kofia magotini. Tulipofika kwenye kelele aliziba masikio kwa mikono, kisha akaomba turudie. Daktari alimchinja kuku ili sote tuweze kumla, Waislamu na Wakristo. Alikuwa mgumu lakini haukubaki hata mfupa.

Sasa mimi si wa mtu hapa, na sijawahi kulala vizuri hivi.

Mwanao,
Aurelia


Litembo,
19 Septemba 1999

Aurelia mwanangu,

Marahaba. Tangu umalize likizo na kuondoka nyumba imepwaya. Baba yako ameuza mbuzi wawili, nimeshukuru Mungu kimoyomoyo. Kahawa mwaka huu nimegoma kuuza mpaka kampuni zote zilipopima gunia moja mbele yangu, na wanawake wa hapa wamefuata mtindo huo. Kesi ya Cuthbert imeanza, hilo unalijua kuliko mimi. Mama yake anakaa nami benchi moja kanisani. Hatuongei mengi, tunakaa.

Lidia amepata nafasi. Anakuja huko kwenye wiki yenu ya kwanza, na nimesikia wewe ni mmoja wa watakaofundisha. Nimefurahi mpaka nimempa Wendelin nyama ya ziada bila kuombwa.

Basi jana kwenye sengu likaja swali lile lile. Wazee wawili watatu wakauliza, huyu naye tutamkabidhi kwa nani huko? Wakataja mtu wa posta, wakataja mpwa wa padri, watu wazuri tu, sina la kuwasema. Nikajibu kwamba mtoto huyu hakabidhiwi. Atawasalimia wote hao, atawaheshimu, ila hakabidhiwi. Ubishi ukaanza. Mansuetus akanyamazisha watu, akamwita Lidia asogee katikati.

Akamwuliza, "Mtu ninayemheshimu mimi mwenyewe akikufungia mlango, utafanya nini?"

Mtoto hakujibu kwa maneno. Unajua ulimfundisha wakati wa likizo, mimi nilidhani ni michezo yenu. Alipanua miguu, akavuta pumzi, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwa mtu wa nyumba yangu. Iligonga mlima wa pili ikarudi. Wazee walishtuka, mmoja akamwaga togwa. Kabla hatujamaliza kucheka tukaona watu wanateremka mbio kutoka upande wa pili wa bonde, wanaume kwa wanawake, na majembe na mapanga, wengine ambao hatuna nao hata undugu. Walifika wanahema, wanauliza nani ameuawa.

Mansuetus akafuta machozi ya kicheko. Kisha akaacha kucheka. Akawatazama wote, wetu na wale waliokuja mbio, akasema, "Hiyo ndiyo sauti ya mtoto wa ukoo huu. Mkiisikia mahali popote, ikitoka nyumba ya mtu yeyote, hata yangu, kimbieni hivyo hivyo."

Wakaitikia wote. Tukawakaribisha wale, na kwa kuwa chakula hakikuwatosha nilirudi jikoni kusonga ugali mwingine, na wanaume wawili walikuja kuninyanyulia sufuria.

Lidia anafika Jumatano. Ana njaa ya kila kitu.

Shangazi yako,
Kunigunda